Kwani Mbaazi za Mamangu Zina Nyama?

Wacha nianze kwa kujisema mwenyewe, ili mtu asije akaniambia nimekuja hapa kusema wenzangu.

Mwaka jana nilitoa video: "Sehemu tano za kula vigani Mombasa." Ilitazamwa kuliko video zangu zote. Sehemu tatu zilikuwa Nyali, mbili kisiwani. Kulikuwa na kipande cha mkate wa kuchoma na avokado juu, shilingi 700. Kulikuwa na kahawa ya maziwa ya lozi. Kulikuwa na bakuli la majani na mbegu ambalo nililimaliza nikiwa bado na njaa. Nikatabasamu kwa kamera nikasema, "Mombasa sasa imeamka."

Mamangu akaitazama kwa simu yangu mpaka mwisho. Mamangu anauza mbaazi na mahamri Likoni, karibu na steji, tangu sijazaliwa. Karo yangu yote imetoka kwenye ile sufuria. Akanirudishia simu, akauliza pole pole: "Mwanangu, hao watu hawali nini hasa?" Nikamwambia: hawali nyama, samaki, mayai, maziwa, hata asali. Akafikiria kidogo.

"Kwani mbaazi zangu zina nyama?"

Sikuwa na jibu. Hii posti ndiyo jibu, na najua limechelewa.

Tuzihesabu hizo mbaazi. Zinalowekwa usiku. Saa kumi alfajiri ziko jikoni zinachemka. Zinaingia vitunguu, pilipili mbichi, manjano kidogo, tui jepesi. Mwisho kabisa linamiminwa tui zito, lile la kasimile, moto ukiwa chini ili lisikatike. Mahamri ni unga, sukari, hamira, iliki na tui, kisha karai la mafuta. Mbuzi pekee iliyohusika hapo ni ile ya kukunia nazi.

Hilo neno "vegan" lilibuniwa Uingereza mwaka 1944. Sawa, kila neno lina mahali lilipozaliwa. Shida yangu ni hii: neno likishafika kwetu, chakula ambacho hakijaandikiwa neno hilo kwenye menyu kinakuwa kama hakipo.

Na si chakula tu. Ni mitaa mizima. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 kaunti ya Mombasa. Mvita, yani kisiwa, ilikuwa na 154,171. Fanya hesabu: mtu mmoja kati ya wanane hivi. Kisauni peke yake ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358. Sasa fungua video yoyote ya "kula Mombasa." Utaona Old Town, utaona ufuo, utaona Nyali. Mgeni anatua na ndege Changamwe, anashuka treni ya SGR Miritini, halafu mitaa yote hiyo anaiona kupitia dirisha la gari. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, anaweza kwenda Diani bila hata kujua Likoni iko wapi. Na sisi tunaojiita wenyeji tunamsaidia asijue.

Unataka kuujua mji huu kwa chakula kisicho na mnyama? Twende.

Asubuhi, Likoni. Panda feri. Wa miguu halipi kitu. Ukishuka upande wa pili fuata harufu ya iliki. Mbaazi na mahamri ni chakula cha asubuhi, ukija saa tano utaambiwa "zimeisha" na hutaonewa huruma. Simama na watu wa mjengo na wanafunzi wa chuo, kula kwa mkono, ujue mji huu unaamkaje.

Mchana, Changamwe. Huku ni bandari, viwanda, malori, na watu waliokuja kutafuta kazi kutoka kila pembe ya Kenya. Ndiyo maana chakula kinabadilika. Utapata chapati madondo, utapata githeri, na ukibahatika utapata muthokoi wa Wakamba, mahindi yaliyotolewa maganda na kupikwa na maharagwe. Hiki si chakula cha Waswahili wa kadi za posta. Ni Mombasa vilevile. Mtu anayebeba mzigo siku nzima anashiba hapa, halafu wewe unauliza kama chakula bila nyama kina nguvu.

Jioni, Kisauni. Baada ya alasiri makarai yanatoka nje. Viazi karai vimevaa unga wa manjano, bajia, mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa katikati na kutiwa pilipili na ndimu, na mchuzi wa ukwaju pembeni. Ukipata rafiki wa Kimijikenda, jialike kwao ule sima na mtsunga, mboga chungu ya porini. Ukimaliza, teremshia dafu. Ikiwa ni Ramadhani, mchana usitafute chochote, subiri jua lizame. Hapo meza zitajaa mpaka ushindwe kuchagua.

Siku nzima hiyo haigharimu ule mkate wangu wa shilingi 700.

Najua mtakachosema. Nitajibu.

"Si kila kitu huko ni vigani." Kweli kabisa. Mchuzi wa nazi unaweza kuwa na papa ndani. Chapati inaweza kupakwa samli. Mwingine anatia maziwa au yai kwenye mahamri. Karai la viazi huenda asubuhi lilikaanga samaki. Dawa yake ni mdomo: "Mama, hii umepika na nini?" Atakwambia. Tena atakwambia mpaka nazi alinunua wapi. Nenda mkahawani umuulize mhudumu hivyo, atakwambia ngoja niulize jikoni.

"Usafi je?" Angalia. Mafuta meusi, ondoka. Chakula kiko wazi na nzi wanakiswalia, ondoka. Lakini usihukumu mtaa mzima kwa sababu hauna kiyoyozi. Sufuria inayoisha kabla ya saa tano asubuhi haina chakula cha jana.

"Hicho ni chakula cha maskini." Hii ndiyo inayoniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naiamini. Shuleni nilikuwa nasema mamangu ana "biashara ndogo" ili nisitaje mbaazi. Na sitawadanganya: watu wengi Likoni wanakula mbaazi kwa sababu nyama ni ghali. Ukiwapa mbuzi wa pilau leo, watashukuru. Siwavishi kilemba cha uvigani ambacho hawakukiomba, na sitaki mtu aje kupiga picha umaskini aubandike jina la afya. Ninachosema ni kwamba umaskini wa mpishi haufanyi upishi wake kuwa duni. Kujua saa ya kumimina kasimile ni elimu. Tumeiacha bila jina, halafu tunalipia mara kumi elimu ya mtu mwingine.

Na kuna hasara ya kweli hapa. Mgeni mmoja aliyefuata video yangu aliniandikia. Alikaa siku nne, pesa ikaisha, mwisho akawa anakula chipsi tu. Nikamuuliza alilala wapi. Likoni. Dakika tano kwa miguu kutoka kwa mamangu. Kila asubuhi alipita pale kwenda feri kutafuta kilichokuwa mbele yake. Mamangu alikosa mteja, mgeni alikosa chakula, na aliyesimama katikati yao ni mimi na orodha yangu.

Ongeza hili: sehemu ambayo haiko kwenye ramani ya mtu yeyote ni rahisi kufutwa. Siku meza inabebwa asubuhi, hakuna anayeuliza, kwa sababu rasmi hapakuwa na kitu pale.

Kwa hiyo wenzangu wenye simu na taa ya duara, usiache mbachao kwa msala upitao. Nendeni Nyali, sijawakataza. Lakini mkisema "Mombasa," iwe Mombasa. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Nunua kwa bei yake, usiombe cha bure kwa jina la kumtangaza mtu. Sema mtaa, sema saa, sema kilichomo. Basi.

Mimi ile video nimeitoa. Jumamosi nikaenda na kamera kwa mamangu, saa kumi na mbili unusu asubuhi, nimejipanga kweli kweli. Akaniangalia, akaangalia foleni.

"Wewe ni mteja au ni nani?"

Nikasema mteja.

"Basi shika foleni."

Nimeshika foleni, na nimelipa. Video mpya inatoka Ijumaa. Sasa wewe niambie hapo chini: mama mbaazi wa mtaa wenu anakaa wapi, na anamaliza saa ngapi?