Kapita si Mjumbe: Wanafunzi Wetu Wapate Baraza Lao

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wenyeji wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare, tusikilizane.

Kila mtu aliyefanya kazi ya mgodi anajua tofauti ya watu wawili. Wa kwanza ni kapita. Kapita huwekwa na bwana, huhesabu watu kwa ajili ya bwana, na jioni hupeleka majina kwa bwana. Wa pili ni mjumbe wa wafanyakazi. Huyu tunamchagua sisi wenyewe, na tukimtuma hana ruhusa ya kurudi bila jibu. Kapita anaweza kuwa mtu mwema, wala hatumtukani. Lakini kapita si mjumbe. Mtu akikuambia, "Ninyi mna kapita, mjumbe wa nini tena?" utamcheka.

Basi, ndivyo tunavyoambiwa juu ya watoto wetu. Tunauliza: katika shule za sekondari, nani anasema kwa ajili ya wanafunzi? Tunajibiwa: yuko mkubwa wa darasa, yuko mkubwa wa wanafunzi wote. Ni nani aliyemchagua? Mara nyingi ni mwalimu, au prefe mwenyewe. Kazi yake ni nini? Kuandika majina ya wanaopiga kelele, kukusanya madaftari, kuita wenzake kwenye salongo. Huyo ni kapita mdogo mwenye kalamu. Hakuna aliyemtuma kwa mkubwa kupeleka neno.

Jambo hili si dogo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure, na mwaka 2019 serikali ikaanza kutimiza neno hilo. Lakini sekondari tunalipa. Baba anashuka shimoni, mama anauza mawese na unga wa muhogo, na fedha inafika shuleni mkononi mwa mtoto. Mtoto ndiye anayesimama mbele ya meza ya kulipia. Ndiye anayepewa risiti au anayenyimwa. Ikipungua, ndiye anayefukuzwa mbele ya wenzake. Na ikiwa fedha ilikuwa ya mabati, ndiye anayejua kama mvua bado inanyesha juu ya daftari lake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini siku ya kupanga fedha hizo, kata imefungiwa nje! Wanaokaa ndani ni wakubwa wa shule na wajumbe wachache wa wazazi, na wazazi walio wengi saa hiyo wako kazini.

Aliyefukuzwa huenda wapi? Ninyi wa Namoya na Salamabila mnamjua, kwa maana mnamwona mtoni akiosha mchanga wa dhahabu. Wiki moja, mwezi mmoja, kisha harudi tena darasani. Pengine kulikuwa na njia ya kumpa siku za kungoja mshahara wa baba yake. Nani alikuwapo kuomba siku hizo?

Tena kuna jambo la aibu, nalo tuliseme wazi. Msichana anayeambiwa na mwalimu kwamba maksi zake ziko nyumbani kwa mwalimu, atamwendea nani? Kwa mkubwa wa darasa aliyewekwa na mwalimu yule yule? Atanyamaza, au ataacha shule. Wazazi mtaambiwa kwamba hakuwa na akili.

Wapo wanaosema: "Mtoto ni mtoto. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Methali hiyo ni kweli, na hatutaki kuivunja. Lakini haikusema kwamba mkuu naye asisikie. Na neno hili "mtoto" tulilijua zamani. Wabeleji walimwita Mkongo mtoto. Mwaka 1955 profesa mmoja wao, Van Bilsen, alitoa mpango wa kutupa uhuru baada ya miaka 30, na kwao huo ulionekana mwendo wa haraka mno! Wazee wetu walioingia katika MNC ya Lumumba mwaka 1958 walikataa kuitwa watoto, na tarehe 30 Juni 1960 uhuru ukaja. Je, tuliwatoa Wabeleji ili tukalie kiti chao na kusema maneno yao?

Tena hesabuni miaka. Katika madarasa ya mwisho ya sekondari wamo vijana wengi wenye miaka 18, na wengine wamepita. Kwa Katiba yetu, mwenye miaka 18 anachagua Rais wa Jamhuri. Anaweza kuchagua mkubwa wa nchi nzima, lakini mkubwa wa darasa lake anachaguliwa! Nani atatueleza sheria ya namna hii?

Wengine wanasema: "Mkiwapa baraza mtaleta fujo." Hao tuwajibu kwa mambo yaliyotokea.

Tuanze na sisi wafanyakazi. Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walidai nyongeza ya mshahara. Hawakuwa na chama kilichokubaliwa na sheria. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, alipigwa risasi, na wengi wakafa pamoja naye. Ni baada ya damu hiyo, mwaka 1946, serikali ya koloni ikaruhusu mabaraza ya wafanyakazi weusi, nayo yalikuwa ya kutoa shauri tu. Leo sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka wajumbe wa wafanyakazi wachaguliwe. Je, migodi imeanguka kwa sababu ya wajumbe hao?

Tuje kwa wanafunzi. Mwaka 1964 wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium waligoma wakitaka kushiriki katika uongozi wa chuo chao. Mwaka 1968 serikali ya Mobutu ikavunja umoja wao, UGEC, na vijana wakaambiwa kwamba njia yao ni moja tu, JMPR ya chama cha MPR. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wakaandamana Kinshasa kwa ajili ya fedha zao za masomo, na askari wakawapiga risasi. Mwaka 1971, walipotaka kuwakumbuka wafu wao, wakatiwa jeshini. Angalieni mfuatano huo: kwanza mdomo ulifungwa, kisha damu ikamwagika. Fujo ilitangulia, au kiziwi alitangulia?

Tuvuke na maziwa, twende Kenya. Kule wanafunzi waliowekwa kusimamia wenzao waliitwa maprifekti. Msiwachanganye na prefe wetu, ambaye ni mkubwa wa shule. Mwaka 1999, katika shule ya sekondari ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia maprifekti wanne chumbani usiku wakawachoma moto, wakafa. Ni uovu, wala hauna udhuru. Lakini kapita anapochukiwa hivyo, mwenye akili huuliza amewekwa vipi. Machi 2001, vijana 67 waliungua katika bweni la shule ya Kyanguli. Mwaka 2008 migomo na moto vikaenea katika shule nyingi. Hapo Wakenya wakaamka: mwaka 2009 wakaanzisha baraza la wanafunzi wa sekondari, ili viongozi wachaguliwe na wenzao, na sheria yao ya elimu ya mwaka 2013 ikampa mjumbe wa baraza nafasi katika halmashauri ya shule. Hatusemi moto ulikoma. Mwaka 2016 mabweni mengi yaliungua tena. Sheria ya karatasi peke yake haizimi moto. Lazima mjumbe asikilizwe kweli. Lakini Wakenya wametuonyesha mlango, na sisi bado tunapapasa ukuta.

Wala hili si jambo la kuombea huruma. Nchi yetu ilikubali mwaka 1990 Mapatano ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa. Kifungu cha 12 kinasema mtoto anayeweza kuwa na maoni yake asikilizwe katika mambo yanayomhusu, kwa kadiri ya umri wake na akili yake. Kusikilizwa si kutawala. Hatutaki mtoto agawe maksi, wala apange mtihani, wala afukuze mwalimu. Tunataka mambo matano tu.

Kwanza: kila darasa la sekondari lichague wajumbe wawili kwa karatasi ya siri, mvulana mmoja na msichana mmoja, kwa mwaka mmoja.

Pili: wajumbe hao wawe baraza, na baraza litume wawili katika mkutano wa uongozi wa shule, na maneno yao yaandikwe katika kitabu cha mkutano.

Tatu: hesabu ya fedha za shule isomwe mbele ya wazazi na wajumbe hao kila muhula, iliyoingia na iliyotoka.

Nne: mwanafunzi asifukuzwe kwa deni kabla mjumbe wake na mzazi wake hawajasikilizwa.

Tano: wasichana wapate mama mmoja wa kuaminika, waliyemchagua wenyewe, wa kumpelekea malalamiko bila kupita kwa mwalimu anayelalamikiwa.

Na neno moja kwa chama chetu, maana hatutakosoa wengine na kujiacha sisi. Baraza hilo lisiwe letu. Tusilipe kadi, tusilipe wimbo, tusilipe bendera. Tuliona JMPR: vijana walifundishwa kucheza na kusifu, na aliyejua kusifu ndiye aliyepanda. Kapita wa chama ni kapita vilevile.

Ndugu mfanyakazi, kazi yako ni hii. Mkutano wa wazazi ukiitwa, usimwachie jirani. Kama uko zamu, mtume mama wa watoto au ndugu yako. Simama uulize neno moja tu: "Mjumbe wa wanafunzi yuko wapi, na nani alimchagua?" Ukijibiwa kwamba mwalimu alimweka, jibu kama unavyojibu mgodini: huyo ni kapita, sisi tunamtaka mjumbe.

Uhuru tuliupata kwa kukataa kusemewa. Tusiwasemee watoto wetu.

Kalani wa Mgodi, Nyangwe