Mtoto Apate wa Kumwambia

Zamani mzazi aliyetaka kumlinda mwanawe alifunga mlango baada ya Isha, akajua nani yumo ndani na nani yuko nje. Leo mlango umefungwa, mtoto yu kitandani, na simu iko chini ya shuka. Mgeni ameingia pasipo kupiga hodi.

Hatusemi kwamba intaneti ni shari tupu. Kwayo watoto wetu hujisomea masomo ya skuli, hujifunza tajuwidi, na huzungumza na jamaa walioko mbali. Lakini yatupasa tujue njia ijayo madhara yake.

Huanza kwa maneno matamu. Mtu hujifanya kijana mwenzake katika mchezo wa simu, humsifu, kisha humwita wazungumze faragha. Baada ya siku chache huomba picha. Halafu huomba picha ya aibu. Aipatapo, hugeuka: lete fedha, au lete picha nyingine, la sivyo, hii nampelekea baba yako. Wala tusidhani kwamba wadhuru ni wageni tu. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL, uliotolewa Kenya mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022, ulionyesha kwamba mara nyingi mdhuru ni mtu ambaye mtoto amjua tangu hapo.

Wazazi wenzetu, yatazameni vema maneno ya mwovu huyo. Silaha yake kubwa si picha, bali ni ghadhabu yetu. Mtoto ajuaye kwamba atapigwa kabla ya kusikilizwa atamtii mwovu kuliko kutujia sisi.

Imo katika Musnad ya Imam Ahmad habari ya kijana aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kuomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo walimkemea. Mtume alimkaribisha akae, akamwuliza kwa upole kama angelipenda jambo hilo litendwe kwa mama yake au kwa binti yake, kisha akamwombea dua. Kijana yule hakulielekea tena jambo lile. Tukumbuke kwamba aliponywa kwa sababu alithubutu kusema.

Basi simu za watoto zilale chumbani mwa wazazi. WhatsApp na TikTok zenyewe zimeweka sharti la umri wa miaka 13. Tusimwandikie mtoto wa miaka 9 umri wa uwongo. Na msiba ukitokea, tusilipe, wala tusifute ujumbe, kwani huo ndio ushahidi. Tumfungie mtu huyo asiweze kuandika tena, twende polisi, au tupige 116, namba ya bure ya kusaidia watoto katika Kenya na Tanzania.

Nanyi vijana, mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu mzima akutakaye umfiche mama yako mazungumzo yenu hakutakii heri. Na kama umekwisha kukosea, sema leo, kwani kila utakapomtii ataomba zaidi.

Usiku huu, kabla ya kulala, kila mmoja wetu amwambie mwanawe: likikupata lolote, nijie mimi kwanza, sitakupiga. Kisha siku atakapokuja, tutimize ahadi.

Wabillahi tawfiq.