Majengo na Yatakayofanywa Ndani Yake

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa somo la sheria. Sheria yataka mwalimu na vitabu, basi. Hata ukumbi wa kuazima ulitosha. Mlimani kilihamia mwaka 1964.

Leo Chuo chataka utafiti wa sayansi, nao hauazimi ukumbi. Twaipongeza maktaba iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa China, yenye nafasi ya vitabu 800,000. Twapongeza pia ujenzi wa Lindi na Kagera, unaotokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 uliopitishwa mwaka 2021 kwa vyuo vya nchi nzima. Lakini mkopo hulipwa, na mlipaji mmojawapo ni mkulima wa korosho. Darubini ikiharibika, nani ataitengeneza, na kwa fungu gani? Kila mtu hupenda kuweka jiwe la msingi. Kununua dawa za maabara hakuna apigiwaye makofi.

Twawaomba wakuu wa Chuo watenge fungu la kudumu la utafiti na mafundi, na kiasi chake wakitangaze kwa wananchi.