Majipu yasiyokoma: Ujumbe wa kisukari unaopuuzwa

JIPU ni maradhi ambayo watu wengi nchini Kenya hawayahesabu kuwa maradhi. Humtoka mtu shingoni, kwapani au pajani, likaiva, likapasuka na kusahaulika. Anayeugua jipu aghalabu haombi ruhusa kazini wala hafungi duka lake. Tatizo huanza pale jipu moja linapopona na jingine kuchipuka kando yake, mwezi baada ya mwezi, huku mgonjwa akinunua vidonge vichache kila mara bila kuuliza ni kwa nini ngozi yake imegeuka shamba la usaha.

Kwa mtu mzima, majipu ya aina hiyo huweza kuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa wa kisukari kuonekana kwa macho. Na kwa yule ambaye tayari anajua kwamba anaugua, ni onyo kwamba huenda sukari yake haijadhibitiwa inavyostahili. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Swali ni kwa nini wingu hili hutazamwa na wengi bila yeyote kuanua nguo.

Cheptiret, katika Kaunti ya Uasin Gishu, ni mahali panapofaa kulitafakari swali hilo. Kituo hicho cha biashara kiko kwenye barabara kuu ya Nakuru-Eldoret, kilomita zipatazo 20 kabla ya kufika Eldoret, penye njiapanda ya kuelekea bewa kuu la Chuo Kikuu cha Moi. Eneo hilo ni la wakulima wa mahindi, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wachuuzi, waendeshaji bodaboda na wanafunzi. Kutoka hapo hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH) ni safari fupi ya matatu. Mkazi wa Cheptiret, kwa hivyo, yu karibu na wataalamu kuliko Wakenya wengi wa mashambani.

Hata hivyo, ukaribu wa barabara si ukaribu wa matibabu. Mkulima mwenye jipu wakati wa kupalilia haendi katika hospitali ya rufaa. Huenda katika duka la dawa lililo karibu, akaeleza shida yake kwa sentensi mbili na kuondoka na dawa. Jipu hutibiwa, sukari haipimwi.

Pengo la upimaji

Takwimu zinaonyesha ukubwa wa pengo hilo. Utafiti wa kitaifa kuhusu vihatarishi vya maradhi yasiyoambukiza, uliofanywa mwaka 2015, ulibaini kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kila 10 nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari ya damu. Nalo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 barani Afrika walikuwa wakiishi na ugonjwa huo, na kwamba zaidi ya nusu yao hawakujua.

Katika hali kama hiyo, mwili hulazimika kujitangazia ugonjwa wenyewe. Wengine hutangaziwa kwa kiu isiyokatika na kukojoa mara kwa mara usiku. Wengine hupungua uzani au huanza kuona ukungu machoni. Na wapo wanaotangaziwa kwa majipu, vidonda visivyopona na miwasho ya fangasi katika sehemu za siri.

Chanzo cha uhusiano huo kinaeleweka vyema. Majipu mengi husababishwa na bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye takriban mtu mmoja kati ya kila watatu humbeba puani bila madhara yoyote. Ngozi ikichubuka, bakteria huyo hupenya. Kwa mtu mwenye afya, seli nyeupe za damu humzima haraka. Sukari inapozidi katika damu, seli hizo huzembea: huchelewa kufika penye vita na zikifika hukosa makali. Fauka ya hayo, kisukari cha muda mrefu huziba mishipa midogo ya damu, hukausha ngozi ikapasuka na hufisha ganzi miguu, hivi kwamba mgonjwa hahisi jeraha linapoanza.

Kuna upande wa pili ambao wengi hawaujui. Maambukizi yenyewe hupandisha sukari, kwa kuwa mwili unaopigana na ugonjwa hutoa homoni zinazopinga kazi ya insulini. Sukari hulea jipu, nalo jipu hupandisha sukari. Anayetibu moja na kuacha jingine huwa anafukuza moshi huku moto ukiwaka.

Ndiyo maana imani kwamba majipu huletwa na "damu chafu", na kwamba dawa yake ni kusafishwa damu kwa mitishamba, ina madhara. Imani hiyo haikukosea kwa kushuku damu. Imekosea kwa kutoipeleka damu hiyo kupimwa.

Gharama ya kuchelewa

Jipu dogo si hukumu ya kifo, na hapana haja ya kumtia hofu kila mwenye kipele. Lakini kwa mwenye kisukari, umbali kati ya jipu na janga ni mfupi. Usaha huweza kusambaa chini ya ngozi, majipu kadhaa yakaungana kuwa donda moja lenye matundu mengi, au bakteria wakaingia katika damu.

Afrika Mashariki ina funzo lake yenyewe. Mwaka 2002, taasisi ya kudhibiti maradhi ya Marekani (CDC) ilichapisha ripoti kuhusu wagonjwa wa kisukari wa Dar es Salaam ambao mikono yao ilishambuliwa na maambukizi makali kati ya mwaka 1998 na 2002. Chanzo kilikuwa vitu vidogo kama mkwaruzo au kuumwa na mdudu. Hali hiyo huweza kuleta ulemavu wa kudumu na hata kifo, na kuchelewa kufika hospitalini ni miongoni mwa mambo yanayoizidisha.

Nyanda za juu za Uasin Gishu zina vishawishi vyake. Mkulima hushinda ndani ya mabuti ya mpira, miguu ikilowa jasho na vidole vikichubuka. Jioni baridi inapouma, huinyoosha miguu hiyo karibu na jiko. Ikiwa imekufa ganzi, ataungua bila kujua. Jeraha la namna hiyo, likikutana na sukari iliyopanda, ndilo huishia katika meza ya upasuaji, mguu ukakatwa.

Anachoweza kufanya mgonjwa

Ushauri wa kitabibu katika suala hili hauna miujiza. Kwanza ni kupima. Mtu mzima anayepata majipu ya kurudiarudia anafaa kupimwa sukari, na pia virusi vya Ukimwi, ambavyo hudhoofisha kinga ya mwili. Sukari ya vipimo 7.0 au zaidi kabla ya kula chochote asubuhi huashiria kisukari, na aghalabu hurudiwa ili kuthibitisha. Kwa anayejua hali yake, kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na hakidanganywi na mfungo wa siku moja kabla ya kwenda kliniki.

Pili, jipu halifai kukamuliwa wala kutumbuliwa nyumbani kwa wembe au mwiba. Jipu dogo hukandwa kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, mara tatu au nne kwa siku. Asiyehisi vyema mikononi amwombe mwingine amjaribie maji hayo. Jipu kubwa lililojaa usaha hupasuliwa na mhudumu wa afya katika mazingira safi. Hapo dawa ya kumeza pekee aghalabu haitoshi, kwa kuwa haipenyi vyema katika mfuko wa usaha.

Tatu ni nidhamu ya dawa. Sheria ya Kenya inataka dawa za kuua bakteria ziuzwe kwa agizo la daktari. Anayemeza vidonge vinne na kuacha maumivu yanapotulia hujitayarishia jipu lijalo, na huwafunza bakteria usugu. Majipu yanaporejea licha ya tiba, usaha unafaa kupelekwa maabara ili ijulikane ni dawa gani itakayofaa. Anayetumia insulini naye asiiache kwa sababu tu maradhi yamemkosesha hamu ya chakula. Hupima sukari mara nyingi zaidi na kutafuta ushauri upesi.

Nne ni usafi wa nyumba nzima. Taulo, wembe na shuka havifai kutumiwa kwa ushirika. Nguo zilizogusa usaha hufuliwa kwa maji moto na kupigwa pasi. Ikiwa watu kadhaa katika boma moja hupokezana majipu, huenda wote wakahitaji dawa ya kuwaondoa bakteria puani na kwenye ngozi.

Homa, wekundu unaosambaa, maumivu yasiyolingana na ukubwa wa kidonda, au jipu usoni, sehemu za siri na mguuni kwa mwenye kisukari si mambo ya kusubiri siku ya soko. Ni ya hospitali siku iyo hiyo.

Wajibu wa serikali

Lakini si haki kumtwisha mgonjwa mzigo wote. Huduma za afya ziligatuliwa kwa kaunti mwaka 2013, na Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliopewa mikoba yenye vifaa kikiwemo cha kupima sukari. Kwa kijiji kama vile vinavyoizunguka Cheptiret, hiyo ni hatua kubwa: kipimo kinamfuata mkulima nyumbani. Hata hivyo, kifaa hicho hutegemea vijiti vya kupimia, na vijiti vikiisha hubaki pambo. Kaunti ndizo zinazopaswa kuhakikisha haviishi.

Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya hazina ya zamani ya NHIF. Chini ya mpango huo, huduma za kimsingi katika zahanati na vituo vya afya hugharimiwa na serikali kwa aliyejisajili. Matibabu ya hospitali kubwa hutegemea mchango, ambao kiwango chake cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Maana yake kwa mwenye kisukari ni wazi: jipu likitibiwa mapema katika zahanati halimpasi kumgharimu, likicheleweshwa hadi upasuaji, asiyelipa mchango hubeba gharama mwenyewe.

Eldoret ina msingi wa kujengea. Mpango wa AMPATH, unaohusisha Chuo Kikuu cha Moi, MTRH na vyuo vya Marekani, ulianzishwa mwaka 2001 kupambana na Ukimwi, kisha ukapanuliwa kugusa kisukari na shinikizo la damu. Ulithibitisha kwamba maradhi ya kudumu yanaweza kudhibitiwa hata mashambani, mradi mgonjwa afuatiliwe badala ya kusubiriwa. Lakini Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni Januari 2025, Kenya ilikumbushwa kwamba mwavuli wa kuazima hurudishwa mvua ingali inanyesha. Huduma za kisukari zinahitaji bajeti ya humu nchini.

Hatua moja haihitaji mabilioni. Kila zahanati na kila duka la dawa lingeweza kufuata kanuni moja: mtu mzima akija na jipu la pili katika kipindi cha miezi michache, asiondoke kabla ya kutobolewa kidole na kupimwa sukari, au kuelekezwa mahali atakapopimwa. Mficha maradhi, waswahili walisema, kifo humuumbua. Mwenye majipu hakuficha chochote. Ugonjwa wake u juu ya ngozi, na kilichobaki ni wanaomhudumia kuusoma.