Kiswahili kisikomee kwenye jina la bidhaa

Mapema mwezi uliopita alinijia ofisini binti mmoja ambaye si mwanafunzi wangu. Yeye husomea usanifu wa michoro, nami hufundisha isimu. Majengo yetu yametenganishwa na uwanja wa mpira, na aghalabu watu wa pande hizi mbili hukutana kwenye foleni ya chai tu. Alikuwa amebeba sanduku la katoni. Alipolifungua alitoa vitu vinne akavipanga mezani pangu: pakiti ya omena, chupa ya achari ya maembe, mtungi mdogo wa asali na chupa ya divai. Vyote vilikuwa vitupu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mwaka wa mwisho, kubuni vifungashio vya vyakula na vinywaji, na alikuwa ameazimia kuviandika kwa Kiswahili kuanzia jina hadi herufi ya mwisho.

"Daktari," akaniambia, "naomba unisahihishie maneno. Michoro nitaitetea mwenyewe."

Nakiri kwamba hadi siku hiyo sikuwahi kuvitazama vifungashio kama maandishi yanayostahili kusomwa. Jioni hiyo niliingia dukani nikasimama mbele ya rafu kwa muda mrefu kiasi cha kumtia mlinzi shaka. Majina ni ya Kiswahili tele: Jogoo, Pembe, Soko, Kasuku. Ni majina mafupi, matamu, yanayokaa mdomoni. Waliobuni majina hayo waliifahamu lugha yetu na kuitumia kwa ufundi. Lakini zigeuze pakiti zilizo madukani mwetu, sisemi za kampuni hii au ile, na mara nyingi utakuta kwamba Kiswahili kimekomea mlangoni. Kilichomo ndani, kiasi chake, namna ya kukihifadhi, siku ya kuharibika na mtu asiyepaswa kukitumia, hayo yote yameelezwa kwa Kiingereza, tena kwa herufi ndogo mithili ya sisimizi. Kiswahili kimepewa kazi ya kumvuta mnunuzi. Kazi ya kumlinda imepewa lugha nyingine.

Yamkini msomaji atasema hili ni jambo la wasomi wasio na shughuli. Basi nimweleze la mamangu. Ana umri wa miaka 74 na hulisoma gazeti hili kila linapomfikia, tena hunipigia simu kunisahihisha. Kiingereza hakukisoma. Mwaka juzi alipatikana na ugonjwa wa kisukari, akaacha chai ya sukari siku hiyo hiyo. Nilipomtembelea miezi mitatu baadaye nilikuta kila asubuhi anakunywa bilauri ya maji ya matunda ya pakiti, kwa kuwa pakiti ilichorwa machungwa na majani yake. Niliigeuza. Kanuni inayofuatwa na mataifa mengi ni kwamba viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi hutangulia. Cha kwanza kilikuwa maji. Cha pili kilikuwa sukari. Machungwa yalikuja baadaye. Nilipomsomea, mama aliniuliza, "Na wewe uliyesoma miaka yote hiyo, mbona hukuniambia?" Sikuwa na jibu.

Sheria zetu zenyewe hazijaamua. Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba hiyo hiyo inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 ilidai onyo la sigara liandikwe kwa Kiingereza na Kiswahili. Sheria ya vileo ya 2010 ikasema onyo liwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Sisi wanaisimu hulipwa kwa kuchunguza vijineno kama hivyo. Tofauti ya "na" na "au" ni silabi moja tu, lakini penye "au" mwenye kiwanda huchagua, na sote twajua atachagua nini. Kwa hiyo mvutaji wa sigara huonywa kwa lugha anayoielewa, ilhali mgonjwa wa kisukari huachiwa picha ya machungwa.

Turudi kwa binti na vifungashio vyake, kwa maana nia njema haitoshi. Kiswahili chake kilikuwa Kiingereza kilichovikwa kanzu. Kwenye divai aliandika: "Divai nyekundu, kavu, yenye mwili kamili." Nilicheka, naye akacheka baada ya kulisoma kwa sauti. Kinywaji kitakuwaje kikavu? Hata hivyo hatukosi maneno. Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, na divai yaaminika kuwa tulirithi kwa wamisionari Wafaransa. Lugha iliyopokea majina mawili ya kitu kimoja haiwezi kushindwa kukisifu. Divai anayoiita kavu ni ile ambayo sukari ya zabibu karibu yote imegeuzwa kuwa kileo na hamira, basi tuseme "isiyo na utamu". Yenye mwili tuseme "nzito". Na ile hali ya kukaza ulimi inayotokana na maganda na kokwa za zabibu, hiyo ina jina ambalo kila aliyekula bibo au ndizi mbichi analijua: ukakasi. Aliposikia neno hilo alikodoa macho. Hakuwahi kulisikia, na ni mzaliwa wa nchi hii.

Tulibishana zaidi juu ya tarehe. Yeye aliandika "Bora kabla ya", ambayo kwangu ni nusu sentensi. Tena kuna tarehe za aina mbili: moja huarifu kwamba baada yake ladha hupungua, nyingine kwamba baada yake chakula chaweza kudhuru. Tulikubaliana juu ya "Ubora wake hudumu hadi" kwa ile ya kwanza, na "Usitumie baada ya" kwa ile ya pili. "Viungo" tuliliacha kwa kuwa mpishi atadhani ni bizari na iliki, tukachukua "viambato". Omena nilimshauri aiache iitwe omena.

Alipokwenda mbele ya watahini alisifiwa rangi na herufi. Kisha mmoja akamwambia kwamba Kiswahili kingi namna ile huifanya bidhaa ionekane ya kibandani, akampunguzia alama za soko. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ugonjwa ulipo. Tumezoea kuilaumu serikali, lakini ukubwa wa herufi na nafasi ya kila neno huamuliwa kwanza kwenye meza ya msanifu, naye hufundishwa na watu wenye fikira hizo. Husemwa pia kwamba pakiti ni ndogo, haitoshi lugha mbili. Kanada imedai Kiingereza na Kifaransa kwenye pakiti za bidhaa tangu miaka ya 1970, na pakiti za huko si kubwa kama magunia.

Binti aliniachia ule mtungi wa asali, nami nikaupeleka kijijini. Mama alivaa miwani akausoma wote, akiuzungusha polepole. Alipofika chini alisimama. Hapo tulikuwa tumeandika: "Asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja." Nilimweleza kwamba asali yaweza kuwa na viini ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda, lakini tumboni mwa mtoto mchanga huzaa sumu inayopoozesha mwili. Alinyamaza. Kwetu mtoto akizaliwa nyanya yake humpaka asali midomoni, na yeye amewapaka wajukuu tisa.

"Na chupa zile za dukani huandika hivi?" akauliza.

"Baadhi huandika, mama," nikamjibu. "Kwa Kiingereza."