Kuliona Ua si Kuligundua

Vitabu vingi husimulia kwamba mwaka 1892 ofisa wa serikali ya kikoloni ya Ujerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aligundua katika milima ya Usambara ua dogo la rangi ya zambarau, ambalo leo huuzwa katika vyungu Ulaya na Marekani kwa jina la vayoleti ya Afrika. Masimulizi hayo yana kasoro. Wenyeji wa Usambara walikuwa wakipita kando ya miamba yenye ua hilo kabla Mjerumani huyo hajazaliwa. Jambo jipya lilitokea mwaka 1893, pale Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, alipouchunguza mmea huo, akauandikia maelezo na kuupa jina la Saintpaulia ionantha.

Tofauti kati ya kuliona ua na kulieleza kisayansi haina budi kufundishwa katika shule zetu. Mtaalamu hatosheki na rangi, maana kivuli na mwinuko huweza kubadili rangi na kimo cha mimea ya spishi moja. Hupima majani, huchunguza vinyweleo vyake, huhesabu petali na stameni, hupasua ovari, kisha hulinganisha yote hayo na spishi za jamaa zinazojulikana. Baada ya hapo ndipo husema: huu ni tofauti, na sababu ni hizi.

Kauli hiyo ni hoja, nayo huweza kupingwa. B. L. Burtt alizitenganisha spishi kadhaa za Saintpaulia kwa kutazama vinyweleo vya majani. Wataalamu waliomfuata waliunganisha baadhi yake. Mwaka 2015 jenasi yote iliingizwa katika Streptocarpus, baada ya uchunguzi wa DNA kuonyesha ukoo wake. Mwanafunzi anayekariri majina bila kujua hoja zilizoyazaa hajajifunza sayansi.

Ili hoja ipimwe, ushahidi lazima uwepo. Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa zinadai kwamba jina jipya la spishi ya mmea liambatane na kielelezo-msingi, kwa kawaida mmea uliokaushwa, na tangu 1990 hebariamu inakohifadhiwa lazima itajwe. Hatari ya kutegemea ghala moja ilidhihirika Machi 1943, hebariamu ya Berlin ilipoteketea kwa mabomu. Vielelezo vingi vilivyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni viligeuka majivu. Kwa hiyo kila mmea mpya unaokusanywa milimani kwetu hauna budi kuacha nakala Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, hata kama mtafiti ametoka mbali.

Kuhusu lugha, Kilatini kilikuwa sharti hadi mwisho wa mwaka 2011. Tangu 2012 Kiingereza pia hukubaliwa. Kiswahili peke yake hakitoshi kulihalalisha jina, lakini hakuna kanuni inayokataza maelezo kamili ya Kiswahili kuandikwa sambamba, ili mwalimu wa Lushoto au Mahenge aweze kuyasoma na kuyahakiki.

Wapo wanaouliza kama nchi yenye uhaba wa zahanati na madawati ina nafasi ya kuyapa maua majina. Swali ni la haki. Hata hivyo, milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita hadi Udzungwa, ina mimea isiyoota penginepo duniani, na baadhi yake hukaa katika bonde moja tu. Wazazi wa vayoleti za vyunguni huishi juu ya miamba yenye kivuli. Miti ikikatwa, jua huwakausha. Mmea usio na jina huingizwa kwa nadra tu katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini, na ni vigumu kuutaja mbele ya wanaoamua hatima ya msitu. Hutoweka bila hata hasara yake kuandikwa.

Mafunzo yake hayahitaji maabara ya gharama. Magazeti makuukuu, mbao mbili na mawe yatosha kukaushia mimea ya kawaida iliyo kandokando ya shule. Kila karatasi iandikwe mahali, mwinuko, tarehe, rangi ya ua likiwa bichi, na jina linalotumiwa na wenyeji. Mmea adimu uachwe ulipo na uchorwe tu. Mwanafunzi aliyezoea kuandika kwa uaminifu kile alichokiona ndiye atakayeweza kesho kuonyesha, kwa ushahidi, kwamba ua fulani halijapata kuelezwa.