Ndugu Yangu ni Mwashi

Mdogo wangu ni Frimasoni. Hivyo ndivyo wasemavyo Makambako, kwenye vibanda vya chipsi karibu na stendi na hata mlangoni mwa kanisa, na mimi dada yake nimechoka kunyamaza. Mdogo wangu ni mwashi. Amekuwa mwashi kwa miaka 31, na nyumba ya wageni ambayo watu wanaonyeshana kwa vidole ameijenga kwa mwiko wake mwenyewe, chumba baada ya chumba, kwa muda wa miaka 9. Ajabu ya mambo, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu, ni kwamba anayemtukana anamwita kwa jina la kazi yake bila kujua.

Nimefundisha Kiswahili hadi kustaafu, basi msomaji aniwie radhi nikianza na sarufi. Kiko kitenzi kuaka. Siku hizi hakisikiki, na huku kwetu Njombe sidhani kama kilipata kusikika sana. Maana yake ni kujenga kwa mawe na chokaa. Watu wa pwani walikuwa wakitofautisha: nyumba ya miti na udongo hujengwa, ya mawe huakwa. Kutokana na kuaka tukapata mwashi, kama tulivyopata mpishi kutokana na kupika na mwandishi kutokana na kuandika. Afikaye Kilwa Kisiwani akayaona magofu ya Husuni Kubwa, kasri la sultani wa karne ya 14, anatazama kazi ya waashi. Jina la sultani tunalo. Majina ya waashi hatuna hata moja.

Huku Ubena tofali za kuchoma zilikuja na misheni, na baba yetu alijifunza kuzipanga huko huko misheni. Yeye hakujiita mwashi, alijiita fundi, nalo ni neno zuri vilevile, ndugu wa kufundisha na mwanafunzi: fundi ni mtu aliyefundwa. Neno mwashi liliingia nyumbani kwetu siku mdogo wangu alipoleta cheti chake cha majaribio ya ufundi, daraja la tatu, kimeandikwa UASHI. Baba alikitazama cheti kile, akauliza kama huko walikomfundisha walimwonyesha namna ya kupiga lipu mwezi wa Juni, wakati baridi ya Njombe inagandisha umande. Hawakumwonyesha. Alimwonyesha yeye.

Sasa tuvuke bahari kidogo, maana neno tunalolitafuta limetoka huko. Waingereza humwita mwashi mason. Neno hilo walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa nao walilirithi kutoka lugha za Kijerumani cha kale. Wataalamu wengi hulihusisha na kitenzi chenye maana ya kutengeneza. Askofu Isidori wa Sevilla, aliyeandika katika karne ya 7, alikuwa na maelezo mengine. Alisema waashi waliitwa machiones kutokana na machinae, yaani majukwaa wanayosimamia ukuta ukishakuwa mrefu. Huenda alikosea, lakini nalipenda kosa lake kuliko usahihi wa wengine, kwa sababu kabla ya kueleza neno aliinua macho akamwona mtu aliye juu ya jukwaa.

Katika karne ya 14 kumbukumbu za London zinataja watu waitwao frimasoni. Hawa walikuwa mafundi hasa, wenye vumbi kichwani. Wapo wasemao waliitwa hivyo kwa sababu ya aina ya jiwe walilochonga, jiwe laini linalokubali patasi kila upande. Wengine husema ni kwa sababu ya uhuru wao katika chama cha mafundi. Kando ya kanisa lililokuwa likijengwa walikuwa na kibanda cha kuwekea zana, kuchongea mawe siku za mvua na kulia chakula. Kibanda hicho waliita lodge, yaani loji. Ulikuwepo ukumbi wa mafundi, na ulikuwepo mpangilio tunaoujua hata sisi: mwanagenzi, fundi, fundi mkuu. Saidia fundi yeyote wa Makambako angejiona yuko nyumbani.

Kisha wakaja waungwana. Kidogo kidogo watu wasiopata kushika mwiko, wenye mashamba na vyeo, wakaanza kukaribishwa katika loji hizo, na tarehe 24 Juni 1717 loji nne zilikutana London zikaunda chama kikuu. Skwea na bikari zikawa alama za mwenendo mwema, aproni ikavaliwa pasipo kuchafuka, ngazi tatu za ufundi zikawa ngazi za kupandishwa kwa siri na viapo. Mimi naona hapo ndipo neno lilipopinda mara ya kwanza. Mwashi akaibiwa zana zake na watu wenye mikono laini, wakampa heshima katika nyimbo zao na kumwacha nje ya mlango.

Wala siwatetei watu hao. Chama kinachoficha mambo yake kwa miaka 300 kisishangae watu wakiyajazia wenyewe. Kanisa Katoliki, ambalo ndilo langu, limewakataza waumini wake kujiunga nacho tangu mwaka 1738, likarudia katazo hilo mwaka 1983, na mimi nalitii. Lakini soma sababu zake. Linazungumzia imani, siri na viapo. Haya mambo ya kunywa damu, nyoka wa kutapika noti na mtoto mmoja kwa kila ghorofa hayamo. Hapa kwetu hawakujificha hata hivyo: jengo lao liko Dar es Salaam, Barabara ya Sokoine, na aliyewaongoza katika Afrika Mashariki kwa miaka mingi, Sir Andy Chande, alijulikana na kila mtu aliyesoma magazeti. Serikali ilipotaifisha vinu vya familia yake mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alimpa yeye huyo huyo kazi ya kuendesha Shirika la Taifa la Usagishaji. Kama unga ule ulikuwa na damu, basi tuliula sote.

Kupinda kwa pili kumefanyika mikononi mwetu. Filamu zimefanya kazi yake, wahubiri wa vipaza sauti wamefanya yao, na magazeti ya udaku yamekula na kusaza. Sasa Frimasoni ni mtu yeyote aliyepata mali ambayo jirani hakuiona ikichumwa. Ukinunua gari, wewe Frimasoni. Ukifiwa baada ya kununua gari, ushahidi umekamilika. Na matapeli, ambao siku zote ndio wasomaji makini wa akili zetu, wamebandika matangazo kwenye nguzo za umeme na kutuma ujumbe katika simu: jiunge na Frimasoni upate utajiri, tuma kwanza ada. Watu wale wale wanaolaani chama hicho Jumapili wanatuma ada hiyo Jumatatu. Namfahamu mmoja aliyeuza gunia za viazi za msimu mzima.

Nilikuwa nacheka. Mdogo wangu alipoandika LOJI kwenye bango lake, kijana mmoja alimwambia kila mtu kwamba huyu sasa amejitangaza, kwa kuwa loji ndiyo nyumba yao. Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Yule kijana alikuwa amegusa historia ya kweli kwa mkono wa gizani.

Kicheko kiliisha Januari 2019. Wale walioishi mkoani Njombe mwezi ule hawahitaji kuambiwa. Watoto walikuwa wakipotea na kupatikana wamekufa, baadhi wamekatwa viungo. Walifika watoto wapatao kumi, na viongozi wa Serikali walitamka wazi kwamba mauaji yale yalitokana na imani za kishirikina za kutafuta mali. Wazazi walisindikiza watoto shuleni wakiwa na mapanga. Gari geni likipita kijijini, watu walitoka nje.

Mdogo wangu alikuwa akitoka Makambako kuja Njombe na pikapu yake, amempakia mjukuu wetu wa miaka 7 aliyekuwa akirudi kwa bibi yake. Katika kijiji kimoja walikuta gogo barabarani. Vijana walimzunguka wakamuuliza mtoto: "Huyu ni baba yako?" Mtoto akasema, "Hapana." Alisema kweli, ni babu yake. Lakini hakuna aliyeuliza swali la pili, na sauti moja nyuma ya umati ikasema: "Mimi namjua. Huyu ndiye Frimasoni wa Makambako."

Nilijua habari hiyo kwa simu. "Mwalimu, kamwene," alisema mwenyekiti wa kijiji, na nyuma yake nilisikia mlango ukipigwa. Alikuwa amewaingiza wote wawili ofisini na kufunga komeo. Akaniambia ataweka simu kwenye sauti kubwa, nimtaje mama wa mtoto, nitaje na kovu lolote alilo nalo. Nikataja jina la mama, nikataja kovu la uji wa moto kwenye mkono wa kushoto. Polisi walifika baada ya saa mbili. Pikapu haikuwa na kioo hata kimoja.

Siwalaumu wale vijana kwa hofu yao. Mtoto wa jirani yao angeweza kuwa ndiye aliyezikwa wiki ile. Nalaumu lile neno, na nawalaumu waliolinoa. Maana hebu tulitazame bila woga. Yule aliyechinja mtoto wa Njombe aliamini kwamba mali hutoka katika damu. Na yule anayesema mwenye nyumba ya wageni ni Frimasoni anaamini nini? Jambo lile lile. Hawa wawili wanasoma kitabu kimoja. Mmoja amekisoma akachukua kisu, mwingine amekisoma akachukua jiwe. Mhubiri anayepiga kelele juu ya nyoka wa kutapika noti anadhani anampinga mganga, kumbe anamtangazia biashara bure.

Na mali ya mdogo wangu imetoka wapi? Wakati sekondari za kata zilipojengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2006, alijenga madarasa kuanzia Wanging'ombe hadi Ludewa, mara nyingi akilala humo humo kwenye jengo lisilo na paa. Alinunua kiwanja karibu na barabara, pale njia ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, wakati kiwanja hicho kilikuwa dimbwi. Kila kazi ilipoisha alirudi na pesa ya tofali chache, akazipanga, akaondoka. Miaka 3 msingi ulikaa bila ukuta, mbuzi wakalala ndani yake, na wapita njia walimcheka. Hakuna aliyesema ni Frimasoni wakati ule. Goti lake la kulia halikunji tena vizuri, na saruji imemla ngozi ya vidole mpaka mashine ya alama za vidole ilimkataa alipokwenda kusajili laini ya simu. Ukitaka kuona viapo vyake, tazama hapo.

Wapo walioniambia nimshauri abomoe kimya kimya habari hiyo kwa kutoa sadaka kubwa kanisani. Nimekataa. Nikamshauri badala yake afute LOJI kwenye bango, aandike NYUMBA YA WAGENI, na chini yake, kwa herufi za kusomeka toka barabarani, IMEJENGWA NA MWASHI. Alinitazama huku akisugua goti.

"Dada," alisema, "mchora mabango anataka elfu arobaini. Na hiyo LOJI haijafifia bado."

Akainuka kwenda kutazama zege, maana anaongeza vyumba viwili upande wa nyuma.